Yenye Homa

Iliniomba ruhusa mara tatu, ya nne nikaipa.
Sasisho jipya, iliandika, mashine yako itakuwa nyepesi.
Nilikuwa naosha sombe, mikono imelowa,
nikabonyeza ndiyo kwa kifundo cha kidole
kama mtu anayefukuza inzi.

Toka hapo haijalala.
Nimeizima, bado inapumua.
Nikailaza kwenye sakafu chini ya dirisha,
sakafu ya Buholo ambayo mwezi wa kumi na moja
inakutia baridi hadi kwenye meno;
asubuhi saruji ilikuwa kavu, vuguvugu,
paka wa jirani amejikunja kando yake.

Nikashuka nayo Nyawera kwa Zihindula,
yule anayetengeneza simu chini ya mwavuli wa bia.
Akaifungua mgongo kwa kadi ya kura iliyokwisha muda,
akatazama betri iliyoanza kuumuka kama andazi.
"Mama Nankafu, si betri peke yake. Ni kile ulichokikubali.
Kimeingia, kinafanya kazi usiku na mchana,
hakijui kwamba kwenu umeme unakuja Jumanne."
Betri mpya, dola kumi na nane.
Alicheka kidogo, si kwa ubaya,
akaifunga mgongo kwa utepe mweusi.

Kwa Murhula mwenye jenereta, kuchaji ni faranga mia tano.
Zamani mia tano ilinifikisha Jumapili.
Sasa inanipandisha ngazi tu:
natoka kwake imejaa, nafika mlangoni themanini na moja,
na jasho limenishika kiunoni
pale nilipoifunga kwa kitenge.

Aliyeipenda ni mama mkwe.
Magoti yake hujua mvua kabla ya mawingu.
"Lete hiyo yenye homa," anasema,
anailaza juu ya goti la kushoto, halafu la kulia,
anaifunika shali, anafumba macho.
Nikimwambia, Mama, humo mna fedha za watu arobaini na mmoja,
anajibu: basi ndiyo maana haina usingizi.

Kwa sababu humo ndimo lilimo likelemba letu,
nani ametoa, nani anadaiwa, zamu ni ya nani.
Mwaka jana nilijivunia kulitupa daftari.
Tuseme sikulitupa: Cibalonza alilimaliza
akifungia mandazi, karatasi kwa karatasi.
Wanawake walisema, mweka hazina wetu anahesabu kwa mwanga.
Wiki hii wananiuliza, kwa upole nisioupenda,
"Bado inawaka?"

Jana usiku, asilimia kumi na nne.
Umeme hakuna, Murhula amefunga.
Nikachukua daftari la hesabu la mwanangu, nikaligeuza,
nikaanzia nyuma.
Jina, kiasi. Jina, kiasi.
Kumi na moja. Kioo kinachoma ncha za vidole
kama sufuria uliyosahau kuwa imetoka motoni.
Mama mkwe ananishikia mshumaa,
nta inamdondokea, hasemi kitu.
Tisa. Mugoli, elfu thelathini.
Sita. Sasa naandika bila kusoma.
Tatu.
Nsimire,

na kioo kikawa cheusi,
nikauona uso wangu humo ndani, mdomo bado unatamka.

Majina arobaini na kiasi chake.
La arobaini na moja, na mbele yake mstari mtupu.

Nimetoka mapema, ukungu haujaondoka ziwani,
niende nikamuulize Nsimire ameweka ngapi,
na atakachotaja nitakiandika.
Njiani nimejaribu kumwaza akitaja kuzidi haki yake.
Nimeshindwa. Au niseme kweli:
nimeweza, nikakaza mwendo.

Tableti nimeiacha nyumbani juu ya goti.
Imepoa kabisa.
Mama analalamika.